Ural, pikipiki ya zamani ya Warusi: vita iliizaa, vita ingine imeihamisha

Kwa miaka 80, mji mdogo wa Irbit, upande wa mashariki ya milima ya Ural katika inchi ya Urusi, ulijulikana juu ya kitu kimoja: pikipiki nzito ya magurudumu matatu, yenye kigari cha pembeni cha kubebea mtu ama mzigo. Tangu mwaka wa 2022, pikipiki hiyo haiunganishwi tena Irbit. Wenye kiwanda waliivusha mpaka na kuipeleka Kazakhstan, juu ya vita ya Urusi na Ukraine pamoja na vikwazo vyenye vilifuata.

Pamoja na hayo yote, watu wa Marekani, Ulaya na Japani wanaendelea kuinunua. Bei yake huko Marekani imepita dola 20,000, pesa yenye mtu anaweza kununua nayo gari nzuri. Mwendo wake ni wa polepole, inatingishika, na inaomba fundi kila mara.

Kwa nini basi mtu mwenye pesa anaitafuta mashine yenye umbo la mwaka wa 1938? Na wale wenye waliitengeneza na kuitumia zamani, wamebaki na nini? Hapa tunafuata njia yake tangu mwanzo.

Asili yake si Urusi

Hadithi inaanza Ujerumani. Mwaka wa 1938 kampuni BMW ilitoa pikipiki yenye jina R71. Motere yake iko na silinda mbili zenye zimelala, moja inatoka kushoto, ingine kulia, sawa mtu mwenye amenyoosha mikono. Ilikuwa na nguvu ya farasi 22 tu, lakini ilikuwa imara, na upepo ulikuwa unapiga silinda zote mbili na kuzipoza vizuri.

Namna R71 ilifika Moscow, kuna maelezo mawili. Kampuni yenyewe inasimulia kwamba pikipiki tano zilinunuliwa kwa siri kupitia Sweden, kisha zikafunguliwa kipande kwa kipande, na kila piesi ikachorwa upya. Watu wengine wenye kuchunguza historia wanasema hakukuwa na haja ya siri, juu mwezi wa nane 1939 Moscow na Berlin walikuwa wametia sahihi mkataba, na inchi hizo mbili zilikuwa zinafanya biashara. Maelezo yote mawili yanafika fasi moja: pikipiki ya Kisovieti M-72, yenye ilifanana na ndugu yake Mjerumani sawa mapacha.

Na si Warusi peke yao walifanya hivyo. Wamarekani nao, wakati wa vita, waliomba Harley-Davidson itengeneze pikipiki ya jeshi kwa mfano wa ile ya Wajerumani. Zilitoka karibu 1,000, zikapewa jina XA. Baadaye Wachina walichukua M-72 ya Warusi na kuitengeneza kwao kwa jina Chang Jiang. Kwa hiyo wakati mtu anasema hii ni pikipiki ya Warusi, anasema kweli nusu. Ni mashine ya Mjerumani yenye ililelewa na Mrusi.

Kiwanda ndani ya nyumba ya bia

Tarehe 22 mwezi wa sita 1941, mkataba ule ulikufa. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Umoja wa Kisovieti, na mwisho wa mwaka yalikuwa yamekaribia Moscow. Serikali ya Stalin ilitoa amri: viwanda vya maana vipakizwe kwenye treni na vipelekwe mashariki, mbali na ndege za mabomu.

Kiwanda cha pikipiki kilianguka Irbit. Mji huo ulikuwa unajulikana zamani kwa soko lake kubwa la kila mwaka, lenye lilianza katika miaka ya 1600 na ambalo wafanyabiashara walikuwa wanalifikia kutoka mbali. Lakini haukuwa na majengo ya kiwanda. Fasi kubwa yenye ilipatikana ilikuwa kiwanda cha bia. Mashine zikapangwa humo, wakati wa baridi kali, na katika mwaka wa 1942 pikipiki za kwanza ziliondoka kwenda kwenye uwanja wa vita. Mpaka mwisho wa vita, Irbit ilikuwa imetuma karibu 10,000.

Hapa ndipo tabia yote ya hii mashine inaeleweka. Haikutengenezwa kwa kupendeza mtu dukani. Ilitengenezwa kwa askari mwenye yuko katika matope na theluji, mbali na garaji, mwenye mikono imegandishwa na baridi, na mwenye iko na funguo chache tu mfukoni. Kama ikiharibika, yeye mwenyewe ndiye fundi. Kama haiwezi kutengenezwa pale pale, haina maana.

Ndani ya mashine kuna nini

Motari wa kwetu, wa Butembo, Bunia ama Uvira, akiangalia Ural ataona mambo matatu ya kumshangaza.

La kwanza, hakuna sheni. Nguvu inatoka kwenye motere kwenda kwenye gurudumu la nyuma kwa chuma chenye kinazunguka, kile mafundi wa gari wanaita karda. Mwenye kujua kazi ya kuosha sheni kila magaribi wakati wa mvua, na bei ya sheni mpya, anaelewa faida yake mara moja. Karda haijali matope.

La pili, iko na vitesi ya kurudi nyuma, sawa gari. Pikipiki yenye kigari inapita kilo 300, na ukiingia nayo kwenye njia yenye imefungwa, kuisukuma kwa miguu si mchezo.

La tatu, zile za aina Gear Up zinaweza kupeleka nguvu pia kwenye gurudumu la kigari. Mwendeshaji anasukuma kijiti kimoja, na magurudumu mawili yanavuta pamoja. Katika mchanga, theluji ama udongo wa kuteleza, inatoka fasi yenye pikipiki ingine ingelala. Lakini kuna sharti: kwenye lami kavu ile nguvu ya pili inatolewa. Magurudumu yote mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja, na kwenye kona mashine inakataa kupinda.

Zaidi ya hayo, buji ziko nje, zinaonekana. Valvu nazo zinafikiwa kwa kufungua kifuniko kimoja kila upande. Pine ya akiba imefungwa nyuma ya kigari, na juu magurudumu yote matatu yako sawa, hiyo moja inaingia fasi yoyote. Mtu mwenye kujua kidogo anaweza kuisoma mashine kwa macho: hapa petroli inaingia, hapa moto unawaka, hapa nguvu inatoka. Hakuna kitu kimefichwa.

Tabia zake za kusumbua

Lakini wenye kuisifu sana wanasahau kusema upande wa pili. Pikipiki yenye kigari si pikipiki tena, na si gari. Kwa kawaida mtu akipinda, analaza pikipiki. Hii hailali. Lazima kuipinda kwa nguvu ya mikono, sawa kushika usukani wa gari la zamani. Ukiongeza mwendo, inavutia upande wa kigari, juu kigari ni mzigo wenye unabaki nyuma. Ukifunga freni, inaweza kuvutia upande wa pili. Na ukipinda kwa haraka kwenda upande wa kigari wakati kigari kiko tupu, gurudumu lake linaruka hewani. Ndio sababu wenye kuanza wanashauriwa kuweka mfuko wa mchanga ndani yake. Watu wenye wameendesha pikipiki ya kawaida miaka 20 wanajifunza upya sawa watoto.

Mwendo wake ni wa kuvumilia. Aina za siku hizi ziko na motere ya 750 na nguvu ya farasi karibu 40, na kisha kufika kilometa 100 kwa saa inaanza kulalamika. Zikiwa mpya zinahitaji kilometa za kwanza nyingi za mwendo wa pole, kisha kufungua, kupima valvu, kubadilisha mafuta, kukaza bulo. Mwenye hataki kushika funguo, hii si yake.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Katika Umoja wa Kisovieti, viwanda vilikuwa vinafanya kazi kwa hesabu ya mpango wa serikali. Mwanzo wa mwezi piesi zinakosekana, watu wanangojea. Mwisho wa mwezi zinafika zote pamoja, na watu wanakimbizana kumaliza hesabu. Kitu chenye kilitoka siku hizo za mwisho, kila mtu alikiogopa. Wanunuzi wengi walikuwa na desturi ya kuipeleka pikipiki mpya nyumbani, kuifungua, kuisafisha chuma kwa chuma, na kuiunganisha wenyewe. Pikipiki mpya ilikuwa kama mwanzo wa kazi tu.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Ule ubaya ndio ulizaa sifa. Juu kiwanda kilikuwa kinafanya kazi nusu, kila mwenye pikipiki alilazimishwa kuwa fundi. Na mwenye amekuwa fundi wa mashine yake anaipenda kwa namna ingine, juu anajua kila jeraha lake. Huruma hiyo haikupangwa na mtu yeyote.

Mkulima ameiacha, tajiri ameichukua

Kuanzia miaka ya 1950, jeshi liliendelea kupata pikipiki zake zaidi kutoka kiwanda cha Kyiv, na Irbit ikaangalia raia. Vijijini, Ural ikawa punda wa familia. Ilibeba viazi, majani ya ng'ombe, maziwa, mbao, bibi na watoto. Barabara zilikuwa mbaya, na gari lilikuwa la kungojea miaka kwenye orodha. Jumla, Irbit imetoa pikipiki zaidi ya 3,000,000.

Haikuwa peke yake. Mji wa Izhevsk, wenye unajulikana kwa bunduki za Kalashnikov, ulitoa pikipiki za IZh. Minsk, katika Belarus, ilitoa pikipiki ndogo ya 125 kwa mfano wa DKW ya Ujerumani, na hiyo ilifika mpaka milima ya Vietnam, fasi wakulima waliipenda juu ya kupanda bila kulalamika. Kule Cuba, pikipiki zenye kigari kutoka inchi za kikomunisti zinabeba familia mpaka leo, zikiwa na piesi zenye zimechongwa kwa mkono, juu piesi za kweli zilikosekana zamani.

Kisha mwaka wa 1991 Umoja wa Kisovieti ulivunjika. Pesa ilipoteza thamani, amri za serikali ziliisha, na Warusi walianza kununua magari ya mitumba kutoka Japani na Ulaya. Gari iko na paa na iko na joto ndani. Kwa mkulima wa Siberia, hakukuwa na mashauri ya kufanya: aliiacha Ural bila kulia. Kiwanda chenye kilikuwa na maelfu ya wafanyakazi kilishuka mpaka mia moja na kitu, na kwa mwaka kikawa kinatoa pikipiki karibu elfu moja, wakati mwingine chini yake.

Chenye kilikiokoa ni watu wa mbali. Wamarekani, Wazungu, Wajapani na Waaustralia walianza kuitafuta. Wao hawabebi viazi. Wanaitaka juu inakwenda polepole, juu inabeba mbwa ama mtoto, juu inapita porini, na juu kila kitu kingine nyumbani kwao kinafungwa na kompyuta yenye hawana ruhusa ya kuigusa. Wenye nayo wanataniana kwamba kila safari inapashwa kuongezwa muda, juu kila fasi ya kuuza petroli watu watasimama kuuliza maswali na kutaka picha.

Kwa hiyo kuna kinyume hapa. Kitu chenye kilikuwa lazima kwa maskini kimekuwa raha ya mwenye nacho. Mkulima alijifunza kutengeneza juu hakuwa na njia ingine. Mnunuzi wa leo analipa pesa nyingi apate nafasi ya kuchafua mikono yake siku ya posho. Si vibaya, lakini tusichanganye. Uhuru wa kutengeneza mwenyewe ni mtamu zaidi kwa mwenye anaweza kuuacha siku akichoka.

Irbit na Kyiv, ndugu wawili

Kuna sehemu ya hii hadithi yenye inauma. Ile M-72 haikubaki Irbit tu. Kisha vita kuu ya pili ya dunia, kiwanda cha Kyiv, katika Ukraine, kilipewa nacho kazi ya pikipiki, na katika miaka ya 1950 kilikuwa kinatoa M-72. Baadaye kilitoa zake zenye jina Dnepr, jina la mto wenye unapita katikati ya mji huo. Ural na Dnepr zilikuwa sawa watoto wa mama mmoja. Piesi nyingi ziliweza kuhama kutoka moja kwenda ingine kwa kuchonga kidogo, na mafundi walikuwa na mabishano yasiyoisha juu ya ipi ni bora.

Kiwanda cha Kyiv kilikufa polepole kisha mwaka wa 1991. Na tarehe 24 mwezi wa pili 2022, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine kwa nguvu zote, na kujaribu kufika Kyiv penyewe. Miji hiyo miwili, yenye wafanyakazi wake walikuwa wanafunga bulo za mfano mmoja, ikajikuta kila mmoja upande wake wa vita.

Kuvuka mpaka ili kuishi

Kwa Irbit, matokeo yalikuja haraka. Karibu pikipiki zote zilikuwa zinauzwa inje. Piesi za maana nazo zilikuwa zinatoka inje: freni kutoka Italia, umeme kutoka Japani. Vikwazo vilifunga njia za benki. Makampuni makubwa ya meli yaliacha kupokea mizigo ya Urusi. Mashine ya Warusi ilikuwa imeshikwa mikono yote miwili: haiwezi kupata piesi, na haiwezi kutoka.

Katika mwaka ule ule wa 2022, kazi ya kuunganisha ilihamishwa mpaka Petropavl, kaskazini ya Kazakhstan, karibu kilometa 600 kutoka Irbit. Mwaka wa 1941 kiwanda kilipakizwa kukimbia jeshi lenye lilikuwa linashambulia inchi yake. Safari hii kilipakizwa kukimbia matokeo ya mashambulizi yenye inchi yake yenyewe ilianzisha.

Wakati huo huo, kuanzia mwaka wa 2024, picha za vita zilionyesha askari wa Urusi wakishambulia juu ya pikipiki nyepesi, nyingi zikiwa za China. Pikipiki imerudi katika vita, lakini ile yenye ilizaliwa kwa vita imebaki kuwa mashine ya matembezi ya watu wa Marekani na Ulaya.

Itabaki yenyewe?

Swali kubwa kwa sasa ni kama Ural itabaki Ural. Tangu mwaka wa 2014 karbiratere iliondolewa, ikawekwa mfumo wa umeme wa kupima petroli, juu sheria za moshi za inchi tajiri zinataka hivyo. Mashine ikawa safi zaidi na inawaka vizuri wakati wa baridi. Lakini siku ule mfumo ukikataa, funguo na waya havitoshi tena. Kisha kampuni imetangaza aina nyepesi zaidi, Neo 500, yenye inatengenezwa China. Wachina wenye walikopi M-72 zamani, leo wanatengeneza chini ya jina la Ural lenyewe.

Wengine watasema hiyo ndiyo njia ya kuishi, na wako na haki. Kampuni ndogo yenye imefukuzwa na vita haiwezi kula historia. Lakini jambo moja liko wazi: kampuni inauza sifa ya mashine yenye mtu anaweza kutengeneza mwenyewe popote, wakati yenyewe inaondoka polepole kwenye sifa hiyo. Pikipiki mpya inategemea benki, meli, mpaka na kompyuta. Ile ya zamani, kwenye ua wa mkulima wa Siberia ama kwenye barabara ya Havana, inategemea mtu mmoja mwenye kujua na chuma cha kuchonga.

Kwa wakaaji wa inchi fasi piesi zinachelewa na barabara zinafungwa bila taarifa, tofauti hiyo haihitaji maelezo marefu. Bei ya kwanza ya mashine si bei yake yote. Ya maana zaidi ni kujua nani anaweza kuifungua, piesi inatoka wapi, na itakuwaje siku njia ya ile piesi ikifungwa. Wafanyakazi wa Irbit walikuwa na jibu la maswali mawili ya kwanza kwa miaka 80. Ni la tatu ndilo liliwaponyoka. Kwa sasa mji wao umebaki na makumbusho ya pikipiki, yenye M-72 za vita ziko ndani, zimepakwa rangi vizuri, na ambazo fundi mwenye funguo chache angeweza bado kuziwasha.